Kinu Kilichosaga Ghorofa ya Tatu

Mmeniomba niandike niliyoyaona kwenye meza ya nyuma, ninyi mnaoikalia sasa, kabla sijaanza kusahau. Mmoja wenu aliongeza: na kabla sijaanza kutia chumvi. Huyo amechelewa. Ila msitarajie habari za kupandishwa cheo. Katika duka la Bwana Jayanti kulikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na sisi wengine, na mimi Nyaboke nilikaa kwenye hicho cha pili tangu nikiwa msichana mpaka nilipovua aproni mwezi uliopita. Nilianza na redio, nikaingia kwenye kaseti, nikaja kwenye simu, nikamalizia na vitu vya masikioni, na muda wote huo nilikalia kiti kile kile.

Siku yangu ya kwanza Kisii, fundi mkuu, Mzee Simeoni, alinipa redio na bisibisi akaenda kunywa chai. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti kipya, mikono inaniwasha kwa kazi. Nikaifungua ile redio, nikaitoa kila kitu tumboni, nikakipanga juu ya gazeti. Mzee Simeoni aliporudi akaitazama, akaniuliza ina shida gani. Nikasema bado natafuta. "Haina shida," akasema. "Ni yangu ya kusikiliza taarifa ya saa saba. Ungeuliza." Saa saba ile tulikaa kimya, yeye akitazama vipande vya redio yake, mimi nikitazama viatu vyangu.

Kwa wiki mbili hakuniruhusu kugusa bisibisi tena. Kazi yangu ikawa kuwauliza wateja maswali na kuandika majibu kwenye daftari: ilianza lini, ilikuwa wapi, nani aliishika mwisho, ilianguka au haikuanguka. Jioni aliyasoma akicheka peke yake. Ndipo nilipojifunza kwamba hakuna redio iliyowahi kuanguka katika Kisii yote na Nyamira. Zote zilizimika zenyewe zikiwa mezani, na tope likaingia lenyewe.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya, ambacho ncha yake nilikuwa nikiinoa kwa tupa kila Jumatatu. Balbu ya gari ya kupimia umeme. Mswaki wa zamani wa kusafishia vumbi, na nawaomba mwache kununua hizo brashi zinazokuja kwenye pakiti, kwa maana hakuna brashi inayojua kona kama mswaki uliokwisha kutumika. Kifaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa ile stuli ya mteja. Mzee Simeoni aliikata miguu makusudi iwe fupi, kwa sababu mtu aliyekaa chini, alisema, anaongea zaidi.

Kesi ngumu zilikuwa za watu kuliko za vyombo. Mzee mmoja wa Keroka alileta redio akilalamika kwamba inatangaza vifo vingi kuliko ya jirani yake. Mzee Simeoni hakumcheka. Alimhamishia stesheni, akamwambia sasa imepona. Wiki iliyofuata yule mzee akarudi amekasirika, amekosa mazishi mawili na shemeji zake hawamsalimii. Tukamrudishia vifo vyake. Baadaye zikaja simu, nami nikakausha simu zilizotumbukia mahali ambapo sitapataja kwenye karatasi hii. Mchele haukaushi simu. Upikeni.

Mzee Simeoni alipotutoka nilibaki peke yangu kwenye meza ile, na duka likaja mikononi mwa Bwana Jayanti mdogo. Tunamwita mdogo ingawa amepita miaka sabini. Mdogo ni kwa sababu ya baba yake. Alizaliwa nyuma ya duka hilo hilo, anaongea Ekegusii kinachowaaibisha wajukuu wetu, na hutoa pole msibani kabla yetu. Yeye ndiye aliyeleta hedifoni za kuzima kelele. Mwanzoni nilidhani ni uchawi wa kuuzia watu wa ofisini. Kumbe ni jambo rahisi: ndani kuna maikrofoni ndogo zinazosikia kelele ya nje, kisha kifaa kinatengeneza sauti iliyo kinyume chake, na mbili hizo zikikutana zinauana. Zinaua vizuri mngurumo, kama injini, jenereta au mvua kwenye mabati. Sauti ya mtu haifi kirahisi hivyo, hupunguzwa tu. Hilo liwekeni akilini.

Sasa niwaeleze ile kesi iliyonishinda zaidi ya zote. Kwa wenzangu mliotoka sehemu nyingine, ni lazima kwanza niwaambie juu ya chinsoni. Ni haya iliyopangwa, sisi Abagusii tunalelewa nayo. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba mkwe na mke wa mwanawe hupishana kwa adabu, husalimiana, basi. Yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya aliye kama mtoto wake, hata kwa kuzunguka. Lakini watu wa rika moja hutaniana watakavyo, na babu na mjukuu pia, mpaka mchungaji anakohoa.

Mzee Ombati, wa kutoka mbele kidogo ya Kebirigo, alianguka kutoka juu ya mparachichi ambao familia nzima ilimkataza kuupanda. Akavunjika mguu, akatiwa chuma, akaambiwa afanye mazoezi hospitalini Kisii kwa wiki sita. Kutoka nyumbani kwake haikuwezekana, barabara ile mvua ikinyesha inamshinda hata mwenye miguu mizima. Mwanawe Evans alikuwa amepanga ghorofa ya tatu kule Nyanchwa pamoja na mkewe, Kerubo. Lakini mzee ataingiaje nyumba ya mwanawe? Mzee Ombati alikuwa amesuluhisha kesi za mipaka ya mashamba maisha yake yote, kwa hiyo alijiamulia hii mwenyewe. Nyumba ya kupanga, alisema, si ya mwanawe bali ni ya mwenye nyumba, na yeye hana undugu wowote na mwenye nyumba. Akaingia.

Ikabaki shida ya masikio. Kuta za nyumba zile ni nyembamba, unamsikia jirani akikoroga chai. Evans akaja kwetu akanunua hedifoni za kuzima kelele, akanieleza kwa aibu ni za nini, huku akitazama pembeni. Mpango ulikuwa kwamba mzee akizivaa, hayupo. Yeye atasoma Biblia yake kwa utulivu, Kerubo ataongea na kucheka kama mtu aliye kwake, na heshima ya kila mmoja itabaki mahali pake. Wiki tatu mpango ule ulikwenda bila kelele.

Jumatatu ya wiki ya nne, mzee akaingia dukani peke yake kwa magongo.

"Bwakire, tata," nikamsalimia. Tata ni baba. Ana umri wa baba yangu, na mimi kwake ni mtoto, na hilo ndilo lililonipoteza.

"Bwakire, mwanangu." Akaketi kwenye stuli fupi, akaziweka hedifoni mapajani. "Hii kitu imeanza kuvuja."

"Inavuja nini?"

"Kelele. Inaingia."

"Kelele gani, tata?"

Akatazama dari, kisha feni, kisha kalenda. "Ya kinu," akasema.

"Kinu cha kusaga unga?"

"Ee. Kinasaga sana." Akayavuta magongo yake karibu. "Evans asijue nimekuja. Na kama haitengenezeki mpaka Ijumaa, mimi narudi nyumbani."

"Na mguu?"

"Mguu utajijua."

Niliogopa. Evans alikuwa ameniambia maneno ya daktari: akiacha mazoezi katikati, goti litakauka halitakunjika tena. Na shamba la mzee la majani chai liko kwenye mteremko ambao hata mbuzi huushuka akifikiri. Goti lisilokunjika pale ni kukaa mlangoni kutazama watu wengine wakichuma, mpaka mwisho. Kwa hiyo nilikuwa na siku nne.

Nilifanya kila kitu ninachokijua. Nilisafisha vitundu vya maikrofoni kwa mswaki, nikabadilisha sponji za masikio, nikakagua kama kuna nyufa. Halafu nikaenda nazo mpaka kwenye kinu halisi huko sokoni, nikasimama katikati ya vumbi la mahindi nimezivaa. Mngurumo ulikufa kabisa. Nikamsikia vizuri sana mwenye kinu akisema kwamba mama huyu ama asage ama aondoke njiani. Kama ningekuwa na akili siku ile ningesimama hapo hapo nijiulize kwa nini nimemsikia vizuri namna hiyo. Nilichofanya ni kuondoka njiani.

Nikamrudishia. Jumanne akarudi nazo.

"Bado?"

"Bado kinasaga."

Nikachukua daftari. "Kinasaga saa ngapi?"

"Asubuhi kidogo. Mchana kinanyamaza. Saa kumi kinaanza, hapo ndio kinasaga kabisa."

"Siku ya Sabato?"

"Sabato kinaimba."

Niliacha kuandika. "Kinu kinaimba, tata?"

"Kinu ingine huimba," akasema, akainuka na magongo yake.

Jumatano nikafunga kilo mbili za wimbi kwenye mfuko ili niwe na sababu ya kutafuta kinu, nikapanda Nyanchwa. Waendesha boda wa pale juu waliniambia kinu hakuna, hakijawahi kuwepo, na kama nataka wanipeleke mjini nilikotoka. Mmoja alitaka kuniuzia mbuzi. Nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, nikabisha.

Kerubo alifungua. Ni mwalimu wa chekechea, ana sauti iliyozoea kuvuka uwanja wa shule, na ilikuwa saa kumi na robo. Alifurahi kuniona, akanivuta ndani, akaweka chai jikoni. Mzee Ombati alikuwa dirishani kwenye kiti, hedifoni masikioni. Aliponiona macho yalimtoka. Nikainua mfuko wa wimbi kumwonyesha kwamba nina kisingizio.

"Usijali huyo baba," Kerubo akasema kwa sauti ile ile. "Akivaa hiyo vitu hata nyumba ishike moto tutamwambia kesho."

Kifuniko cha sufuria kikamponyoka kikaanguka sakafuni. Mimi niliruka. Mzee hakupepesa hata jicho. Mtu asiyesikia kweli angegeuka kidogo, maana sakafu ilitetemeka. Yeye alikaa kama picha ya kitambulisho. Nikaanza kushuku.

Simu ya Kerubo ikalia, ni dada yake. Akaanza kumsimulia habari za siku hiyo, kwamba mkaguzi wa shule aliwatembelea, akaingia darasani kwake akawauliza watoto kwa upole nani hayupo leo, na mtoto mmoja mwenye adabu nyingi akanyoosha mkono akasema, "Mimi." Kerubo alimwigiza mkaguzi, akamwigiza mtoto, akamwigiza na mwalimu mkuu aliyekuwa amesimama mlangoni. Nilicheka mpaka chai ikanipanda puani. Kisha nikasikia kitu kinagonga sakafu. Ni gongo la mzee, lililokuwa limeegemea goti lake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akajifanya anakohoa, akakohoa muda mrefu, machozi yakimtoka.

Basi nikakijua kinu, na nikajua pia kwa nini hakuweza kukitaja. Angesema nini? Kwamba anamsikia mke wa mwanawe kila siku? Angemwambia nani? Mimi, aliye kama binti yake? Hata kuwaambia wenyewe wafunge midomo asingeweza, kwa maana kuwaambia ni kukiri kwamba ameshasikia. Alikuwa amenaswa ndani ya heshima yake mwenyewe, na njia pekee aliyoiona ni kurudi nyumbani na goti bovu. Nilimhurumia sana.

Nikamuuliza Kerubo, kana kwamba sina haja, kama hedifoni zile wamewahi kuziunganisha na simu.

"Ee, wiki mbili sasa. Simu iliniuliza kama nataka kuboresha hizo hedifoni, nikabonyeza kubali. Nani anakataa kuboreshewa kitu?"

"Zimekuwa bora?"

"Sana. Baba siku hizi ametulia."

Hapo ndipo ninapotaka msimamishe kalamu zenu, vijana. Kifaa cha siku hizi kina programu ndani yake, na kiwanda kinaweza kuibadilisha kutoka ng'ambo bila kukuona uso. Wanaita kuapdeti. Redio ya Mzee Simeoni ilipoharibika, iliharibiwa na mtu, au maji, au mende. Sasa kitu kizima kinalala kizima na kuamka kimeboreshwa. Alhamisi asubuhi niliazima hedifoni za Bwana Jayanti mwenyewe, za aina ile ile, ambazo hajawahi kuziunganisha na simu kwa sababu haamini simu. Yeye huzivaa anapotaka kusoma gazeti karibu na wajukuu wake. Nikaziweka mbili mezani, za mzee nilizomwomba aniachie na hizi, nikawasha redio na feni, nikawa navaa hizi navua zile.

Tofauti ilikuwa wazi. Za Bwana Jayanti zilipunguza kila kitu, mngurumo na maneno, mtangazaji akawa kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto. Zile zilizoboreshwa zilimeza feni yote na barabara yote, zikamwacha mtangazaji peke yake, safi kabisa. Kwa hiyo pale Nyanchwa zilikuwa zinamwondolea mzee boda boda, mvua na jenereta, vitu vyote ambavyo vingemsitiri, halafu zinambakishia Kerubo. Niliwaandikia watengenezaji kwa kompyuta ya duka. Walinijibu haraka kwa heshima nyingi, wakanishukuru kwa kuchagua bidhaa yao, wakasema hali hiyo ni ya kawaida, na wakanishauri niapdeti. Kurudi kwenye programu ya zamani, walisema, hakuwezekani.

Nilikuwa nimejua ugonjwa na dawa, lakini sikuwa na njia ya kumwambia mgonjwa kwamba nimejua. Nikamwendea Bwana Jayanti. Yeye na mzee ni rika moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Mlete ofisini. Na chai. Na wewe ukae mbali."

Ijumaa asubuhi walikaa mle ndani saa nzima mlango wa kioo umefungwa. Niliona Bwana Jayanti akipiga meza kwa kicheko, nikaona mzee akifuta macho. Bwana Jayanti akatoka, akajifanya anatafuta risiti.

"Hakuna kinu," akaniambia.

"Najua."

"Wewe hujui chochote. Mpe zangu."

"Na wewe?"

"Wajukuu wangu ni wanne tu. Nitavumilia."

Tulizijaribu pale pale. Mzee akazivaa, akapewa kikombe, na Bwana Jayanti akasimama nyuma yake akamtukania ng'ombe wake wote kwa Ekegusii, mmoja mmoja, kuanzia dume. Mzee aliendelea kunywa chai. Alipozivua akauliza, "Mmesema nini?" Tukamwambia tumesema zimepona. Akaziweka kwenye kifuko, akanishukuru kwa mikono miwili, na siku ile hakwenda nyumbani. Niliringa wikendi nzima. Mume wangu aliisikia habari hiyo mara tatu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mzee ameshaketi kwenye stuli.

"Zinavuja, tata?"

"Yaya, hapana. Hazivuji hata kidogo." Akazitoa. "Nirudishie ile mbovu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Yeye akatazama kalenda yangu ukutani, akaanza kuongea nayo polepole.

"Ile kinu, mwanangu. Kabla nije kwako, niliisikia ikiongea na mwenye kinu. Mwenye kinu amechoka, anasema huyu mzee apelekwe nyumbani, tutalipa mtu wa kumnyoosha mguu huko. Kinu ikakataa. Ikasema huyu haendi popote mpaka atembee mwenyewe. Wakakosana usiku mbili kwa sababu yangu. Ndio nikasema afadhali niende." Akavuta pumzi. "Lakini nilikuwa nimejua nani ananitaka. Sasa tangu Ijumaa naona mdomo tu unaenda. Unaongea na simu unanitazama. Sijui kama bado ananitaka ama amechoka na yeye."

Mwenye kinu ni Evans, hilo sikuhitaji kuelezwa. Nikaenda kwenye rafu, nikachukua zile mbovu, nikampa, naye akazivaa pale pale kama mtu anayevaa kofia yake. Bwana Jayanti alirudishiwa zake siku hiyo hiyo, na nadhani alikuwa amezikumbuka kuliko alivyosema.

Mzee Ombati alimaliza wiki sita. Siku ya kuondoka alipita dukani na gongo moja badala ya mawili, akainama kuokota kofia yake sakafuni bila msaada ili tuone goti, kisha akaidondosha akaiokota tena. Alimwachia Bwana Jayanti mkungu wa ndizi uliotoka Kebirigo. Habari nikaifunga kwenye daftari, nikaendelea na kazi nyingine, na wateja wengine ambao vitu vyao havikuanguka.

Wiki yangu ya mwisho kazini, akaingia Kerubo na zile hedifoni mkononi.

"Baba aliziacha kwa kiti. Nimezivaa jana, nasikia kila kitu. Zina shida gani?"

Nikaanza kumwambia habari za unyevu. Akaketi.

"Fundi, wacha. Ulikuja na wimbi kutafuta kinu ghorofa ya tatu. Nilijua siku hiyo hiyo. Baba alicheka."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nikimwambia nimejua, ataondoka. Nikaendelea kumpigia dada yangu simu." Akatabasamu kidogo. "Dada hakuwa kwa laini. Naweka simu hapa kwa sikio, naongea. Miaka kumi nimeolewa pale, baba sijawahi kumwambia kitu kupita karibu chai. Nikamwambia yote. Watoto wa shule, mama yangu, vile ugali anapenda inanishinda kupika. Anacheka, anakohoa. Halafu kuna maneno nilikuwa nimeweka miaka mingi. Wakati sikuwa napata mtoto, kina shangazi walikuwa wanataka Evans aoe mwingine. Baba alisimama mbele ya watu wote akasema huyu ni mtoto wangu, anayemtaka mwingine aanze kunitoa mimi. Sikuwahi kumwambia asante. Unamwambiaje? Basi nikamwambia dada. Wikendi moja, nikiwa nimesimama mbele yake, nililia mpaka nikamaliza."

"Akasemaje?"

"Hakutikisika. Alinitazama tu, kama hajasikia. Nikadhani nimevuka mpaka, nimemkosea. Jumatatu akaanza kucheka tena, lakini hiyo maneno sikuweza kuirudia."

Nilihesabu siku kichwani na sikutaka kufika mwisho wa hesabu.

"Ilikuwa wikendi ile baada ya mimi kuja na wimbi?" nikamuuliza.

"Ulijuaje?"

"Ijumaa mpaka Jumapili ile alivaa hedifoni nyingine, nzima. Mimi ndiye niliyempa."

Kerubo akazigeuza zile hedifoni mapajani. Kisha akazisukuma kwangu juu ya meza.

"Basi hizi usiziguse," akasema. "Agosti anakuja kutolewa chuma. Nitaanza upya."

Nikachukua kikaratasi cha kazi, nikaandika, "Imekaguliwa, iko sawa," nikatia sahihi, nikampa aende nazo.